Maswali ya Wasomaji: Kulabu ya Mkono Bandia na Namna ya Kuijaribu

Barua tatu zilizofika mezani kwangu mwezi huu, kutoka Mafinga, Nairobi na Tanga, zinahusu jambo moja ambalo huandikwa kwa nadra katika magazeti yetu: kulabu ambayo mtu aliyekatwa mkono huivaa mahali pa kiganja. Nimezijibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa mambo yaliyomo hayalingani kwa uzito.

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni seremala. Miaka minne iliyopita nilikatwa mkono wa kulia na msumeno wa kupasulia mbao, chini kidogo ya kiwiko. Nilipewa mkono bandia wenye kulabu ya vidole viwili, ambayo hufunguka ninapovuta waya kwa bega na kujifunga yenyewe kwa pete za mpira. Inanisaidia, lakini msumari huzunguka ndani yake, patasi huteleza, na jioni kwapa la upande mzima hufa ganzi. Jirani yangu ni fundi wa kuchomelea na yuko tayari kunitengenezea kulabu bora zaidi. Tuanzie wapi?
Seremala, Mafinga

JIBU: Ndugu seremala, pole sana kwa ajali, na hongera kwa kurudi kwenye kazi yako. Kulabu unayoivaa ina asili inayokuhusu kwa karibu kuliko unavyodhani. Mmarekani aitwaye D. W. Dorrance, wa California, alipoteza mkono wake katika kiwanda cha kupasulia mbao, hakuridhika na mikono bandia aliyopewa, akabuni kulabu ya vidole viwili inayofunguliwa kwa mvuto wa bega, na mwaka 1912 akapata hataza ya ubunifu huo. Zaidi ya miaka 100 imepita na umbo lile bado linaonekana wazi katika kulabu nyingi zinazovaliwa leo, pengine hata katika hiyo yako. Mtu wa msumeno aliyekosa mkono ndiye aliyeianzisha, na sioni kwa nini mtu mwingine wa msumeno asiiendeleze.

Lakini msianze na chuma. Anzeni na daftari. Kwa wiki mbili andika kila mara kulabu inapokushinda: ulikuwa unafanya nini, kitu ulichoshika kilikuwa cha umbo gani, kilikutoka kwa kuteleza, kwa kuzunguka au kwa vidole kuachana, na mkono wako ulikuwa umenyooka, umekunjwa au umeinuliwa. Nafasi ya mkono si jambo dogo, kwa sababu waya huvutwa kwa tofauti ya umbali kati ya bega na kulabu. Anayefanya kazi mezani, mbele ya kifua, hupata mvuto wa kutosha, ilhali anayegongea mbao za dari juu ya kichwa, au anayeshika kitu karibu na kiuno, huishiwa mvuto kabla vidole havijafunguka vyote. Usipoandika hayo, mwishoni mwa wiki utakumbuka tu kwamba kulabu ni mbaya, na fundi wako hawezi kuchomelea neno hilo.

Katika barua yako fupi naona tayari matatizo matatu yasiyo na dawa moja. Fundi mwenye haraka angeyatibu yote kwa kuongeza pete za mpira, na hapo ndipo angekuumiza zaidi. Kila pete iliyotengenezwa kwa ajili ya kulabu hizi huongeza takribani nusu kilo ya nguvu ya kubana penye ncha za vidole. Mwenye pete 6 anabana kwa kilo 3 hivi, lakini kila anapofungua ni lazima azishinde pete zote 6, hata kama anataka kuokota karatasi tu, na mzigo huo wote huegemea kwenye mkanda uliozunguka kwapa la upande wa pili. Ganzi ya jioni kwa kawaida hutokana na mkanda huo kukandamiza mishipa ya fahamu ipitayo kwapani. Ikiwa haiondoki muda mfupi baada ya kuvua mkanda, usiivumilie kama uchovu wa kazi. Nenda ukaonwe na daktari kabla ya kuendelea na majaribio yoyote.

Kabla ya kuzilaumu pete, pimeni waya. Tafuteni mizani ya springi, ile ya kuning'iniza ambayo wauza samaki huitumia. Ifungeni moja kwa moja kwenye pembe ya kulabu ambako waya hushikizwa, mvute mpaka vidole vianze kuachana, mwandike idadi ya kilo. Kisha rudisheni waya mahali pake, mvute kwa mizani ile ile kutoka ncha yake ya pili, pale unapoungana na mkanda, mwandike tena. Tuseme kipimo cha kwanza ni kilo 4 na cha pili ni kilo 6: maana yake theluthi moja ya nguvu ya bega lako inaliwa na msuguano ndani ya ala ya waya kabla haijaifikia kulabu. Mfumo huu ni ule ule wa breki ya baiskeli, na kila mwendesha baiskeli anajua jinsi breki inavyokuwa nzito waya wake ukishika kutu au ukipitishwa kwenye kona kali. Badilisheni waya na ala, upitisheni kwa mkunjo mpana, mpime upya. Nimeshuhudia mtu akipunguziwa mzigo wa kwapa ndani ya saa moja kwa kubadilishiwa waya tu, bila kulabu kuguswa, baada ya miaka ya kuambiwa kwamba maumivu yale ni ya kawaida na atazoea.

Sasa msumari na patasi. Msumari huzunguka kwa sababu kitu chembamba cha mviringo kinashikwa kati ya nyuso mbili bapa, na hakuna idadi ya pete itakayobadilisha jambo hilo. Kinachohitajika ni mfereji mdogo wenye umbo la V, uliokatwa kwa kukingama upande wa ndani wa kidole kimoja, ili msumari uguswe mahali patatu badala ya pawili. Patasi ni suala jingine: mpini wake ni mnene, na ukishikwa penye ncha za vidole hujipindua kwa nguvu ya kazi. Zipo kulabu za kazi ambazo zimeachiwa nafasi pana karibu na mzizi wa vidole kwa ajili ya mipini ya koleo, ufagio na nyundo, na kadiri mpini unavyokaa karibu na mzizi ndivyo mpira unavyoushika kwa nguvu zaidi. Hivyo huenda hitaji lako likawa kulabu ya aina ile, yenye mfereji wa msumari uliouongeza wewe, na si kulabu mpya kabisa.

Hapa ufundi wako mwenyewe una thamani kubwa. Chonga vidole hivyo kwa mti mgumu kwanza. Kidole cha mninga kilichofungwa kwa boliti moja kitatosha kukuonyesha kama msumari unakaa, kama macho yako yanaiona ncha ya kulabu unapofanya kazi au inafichwa na vidole vyenyewe, na kama mpini wa patasi unaelekea upande unaotaka. Vunja, chonga kingine, vunja tena. Umbo la sita au la saba ndilo litakalostahili chuma, na litakuwa limekugharimu vipande vya mbao ulivyokuwa utavitupa.

Mtakapofika kwenye chuma, zingatieni shina. Kulabu nyingi za aina hii huingia katika kifundo cha mkono bandia kwa skrubu yenye kipenyo cha nusu inchi na meno 20 kwa kila inchi. Hakikisheni yako ni hiyo, kisha mpelekeeni fundi wa mashine ya kuchonga chuma aikate kwa usahihi. Faida yake ni kwamba kulabu mpya na ya zamani zitabadilishana kwenye kifundo kimoja, nawe hutabaki bila mkono siku ambayo sampuli ya majaribio imerudi karakana. Naomba sana jambo moja: msichomelee kitu chochote kwenye kulabu yako ya sasa. Ikiwa ni ya aluminiamu iliyoimarishwa kwa joto kiwandani, moto wa kuchomelea utaipunguzia uimara kuzunguka kiungo, na itavunjika siku ambayo umeiamini.

Kabla ya kuivaa, ijaribuni bila mtu. Ifungeni kwenye jiliwa kwa shina lake, mning'inize ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ambayo ni kilo 20 na ushei, kisha mbili kwa pamoja, na mziache kwa saa kadhaa. Baada ya hapo paka mafuta ya taa kwenye viungo vilivyochomelewa, futa kabisa mpaka pakauke, halafu paka unga wa chaki. Palipo na ufa usioonekana, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Ni njia ya zamani ambayo mafundi wa reli na meli waliitegemea, na haigharimu zaidi ya shilingi mia chache. Mkiona mstari, kipande hicho hakirudi kwenye kazi.

Badilisheni jambo moja tu kwa kila jaribio. Ukibadilisha waya, umbo na idadi ya pete kwa siku moja, kisha ukajisikia nafuu, hutajua umshukuru nani. Na sampuli hiyo isikaribie msumeno wa mviringo wala mashine yoyote inayozunguka mpaka umeivaa kwa miezi katika kazi za mkono, kwa sababu kulabu ya chuma iliyonaswa haiachii kama kiganja, na nyuma yake kuna mkanda uliofungwa mwilini mwako.

SWALI: Sisi ni wanafunzi wanne wa uhandisi wa mitambo jijini Nairobi. Tumebuni kulabu nyepesi ya plastiki kwa printa ya 3D. Tofauti na kulabu za kawaida, yetu hujifunga mtumiaji anapovuta, na hufunguka anapolegeza. Tulimpa mzee mmoja anayeuza mboga sokoni, tukamfanyisha jaribio la kuhamisha vipande vya mbao, akahamisha vingi zaidi kuliko kwa kulabu yake ya zamani, na akatuambia ni nzuri sana. Miezi miwili baadaye tulimkuta amevaa ile ya zamani, na yetu ameifunga kwenye mfuko nyumbani. Tulikosea wapi?
Wanafunzi, Nairobi

JIBU: Vijana wangu, nimefurahi kwamba mlirudi sokoni kumtazama. Wabunifu wengi hupiga picha siku ya kwanza na hawarudi, kwa hiyo hawajui kamwe kilichotokea. Ule mfuko mlioukuta nyumbani kwa mzee ndiyo taarifa ya thamani kubwa kuliko zote mlizokusanya, na ningependa muanzie hapo badala ya kuuonea aibu.

Kosa la kwanza ni la swali. Vijana wasomi wamemtembelea mzee, wamemletea kifaa cha bure, wamekaa naye kwa saa nzima, kisha wanamuuliza: je, Mzee, imekupendeza? Mlitaraji ajibu nini? Mgeni aliyeleta zawadi haambiwi kwamba zawadi yake inabana. Mzee alijibu kwa adabu aliyolelewa nayo, ninyi mkaandika adabu yake kama matokeo ya utafiti. Maswali yanayofaa ni yale yasiyomlazimu mtu kuwasifu wala kuwakosea heshima: jana uliivaa saa ngapi na kuivua saa ngapi? Ulikuwa unafanya nini ulipoivua? Ni kazi gani uliifanya kwa mkono mmoja ingawa ulikuwa umeivaa? Ikiwezekana, anayeuliza asiwe aliyebuni. Mtu wa nje, hasa mtu mwingine anayevaa mkono bandia, ataambiwa ukweli ambao ninyi hamtaambiwa.

Kosa la pili limo katika jaribio lenyewe, ingawa jaribio hilo si baya. La vipande vya mbao linajulikana duniani kote: sanduku lenye pande mbili, vipande 150 vya ukubwa wa inchi moja, na mtu huhesabiwa amevusha vingapi juu ya kizuizi cha katikati kwa sekunde 60. Lipo pia lile la Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, linalochunguza namna mbalimbali za kushika pamoja na kazi za nyumbani kama kufungua kifuniko na kumimina maji. Haya hupima jinsi mtu anavyoshika na kuachia haraka, na kulabu yenu ni nyepesi, hivyo ilishinda. Lakini muuza mboga hashiki na kuachia kwa dakika moja. Anashika mfuko wa viazi kutoka gari hadi kibandani, anashika chuma cha matatu njia nzima, anashika mwavuli mvua ikinyesha. Nadhani hapo ndipo kulabu yenu ilipomchosha.

Kulabu inayojifunga kwa kuvuta ina sifa ambayo mimi binafsi naipenda sana. Mtumiaji hubana kwa kiasi anachotaka, laini kwa yai na kwa nguvu kwa kamba, na anaisikia nguvu hiyo begani kama vile mtu anavyosikia uzito wa samaki kupitia mshipi. Bob Radocy wa Colorado, ambaye naye alipoteza mkono, amejenga kazi yake yote juu ya wazo hilo, na watu hunyanyua vyuma vizito kwa vifaa vyake. Gharama yake ni kwamba ukilegeza bega, kitu kinaanguka. Kushika kitu kwa dakika ishirini ni kuvuta kwa dakika ishirini. Kulabu ya zamani ya mzee humshikia mzigo kwa pete za mpira yeye akiwa amepumzika, na mtu wa miaka yake ana haki ya kuchagua pumziko hilo. Tengenezeni kishikizo cha kufungia, kile kinachozuia vidole visirudi nyuma mpaka kibonyezwe, na mfanye kiweze kubonyezwa kwa kidevu au dhidi ya paja, maana mkono wake wa pili utakuwa umebeba mfuko mwingine. Kisha mrudieni.

Sasa plastiki. Hamkuniambia ni ya aina gani, lakini nyingi zinazotumika katika printa za wanafunzi ni ile iitwayo PLA, ambayo huanza kulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi. Kikombe cha chai iliyotoka jikoni kina joto zaidi ya hilo, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto linaweza kukaribia hapo. Zaidi ya hayo, kitu kilichochapishwa hujengwa tabaka juu ya tabaka, na hupasuka kirahisi zaidi baina ya tabaka kuliko kwa kukatisha tabaka. Kidole kilichochapishwa kikiwa kimesimama kitakatika penye mzizi kama muwa. Kikichapishwa kikiwa kimelala, tabaka hupita kwa urefu wake na huhimili zaidi. Kwa maoni yangu plastiki ni nzuri kwa kutafutia umbo, kama seremala wa Mafinga atakavyotumia mti, na umbo likishapatikana vidole vitengenezwe kwa chuma au aluminiamu, huku plastiki ikibaki kwenye sehemu zisizobeba mzigo.

Kabla ya mtu mwingine kuivaa, iacheni ichoke karakana. Chukueni mota ya waipa za gari, mwiunge na waya wa kulabu ili kila mzunguko uvute na kuachia mara moja. Ikizunguka mara 40 kwa dakika, mizunguko 100,000 itakamilika kwa takribani saa 42. Mtu anayefungua na kufunga mara 500 kwa siku angefikia idadi hiyo baada ya siku 200. Kagueni kila baada ya mizunguko 10,000: boliti ya bawaba imelegea kiasi gani, ncha za vidole bado zinakutana, waya umeanza kukatika nyuzi penye kona ipi. Kipo kiwango cha kimataifa cha viungo bandia vya nje, ISO 22523, ambacho siku mkitaka kukisambaza kifaa mtatakiwa kukifuata, lakini hata kabla ya hapo jaribio hili la mota litawaonyesha mengi kwa gharama ya gari moja bovu.

Baada ya hapo ndipo nyumbani. Simaanishi saa moja mbele yenu, namaanisha wiki sita bila ninyi, huku mtumiaji akiwa na kulabu yake ya zamani pembeni na uhuru kamili wa kuirudia. Msimnyang'anye ya zamani ili kulazimisha matokeo. Mpeni kalenda ya ukutani aweke alama moja siku alipovaa yenu, na nyingine siku alipovaa ya zamani, na kama hasomi, alama zenyewe zinatosha. Mkitembelea, tazameni kulabu kabla ya kumsikiliza mtu: ncha zilizochubuka, masizi ya jikoni, udongo kwenye bawaba na rangi iliyotoka upande mmoja huonyesha kazi ambazo yeye mwenyewe hakukumbuka kuzitaja. Kulabu inayorudi safi baada ya wiki sita haikutumika.

Nawapa mfano mmoja wa watu walioanza kwa kusikiliza. Jonathan Kuniholm, mhandisi wa North Carolina, Marekani, alipoteza mkono nchini Iraq mwaka 2005 akiwa askari, akarudi kwa wenzake waliokuwa na ofisi ya ubunifu wa vifaa. Kati ya kazi walizozishika ni kulabu iitwayo Trautman, ambayo ilikuwa imeacha kutengenezwa ilhali waliokuwa wakiivaa walikuwa bado wanaitaka. Badala ya kuwaambia watu hao kwamba dunia imesonga mbele, waliipima ya zamani, wakaichora upya, na kutafuta namna ya kuiboresha wakiwa na watumiaji wake, na michoro wakaiacha wazi kwa yeyote. Kijana mhandisi huvutiwa na mkono wa umeme wenye vidole vitano, nami sina ugomvi na mkono huo. Ila kulabu ya waya haihitaji chaji, haiogopi udongo, na ikiharibika fundi wa baiskeli wa pale pale sokoni anaweza kuitengeneza. Ikiwa sehemu yoyote ya kulabu yenu haiwezi kupatikana au kutengenezwa ndani ya soko analofanyia kazi mzee huyo, ibadilisheni sehemu hiyo kabla ya kugusa kitu kingine.

Jambo la mwisho kwenu ni la haki. Kabla ya jaribio, mwambieni mtumiaji kwa lugha anayoielewa kwamba kifaa hiki bado ni cha majaribio, kwamba kinaweza kuvunjika, na kwamba anaweza kujitoa bila kutoa sababu. Mwambieni pia, mapema, kama kitabaki chake. Nimewahi kukutana na mama aliyejifunza kupika upya kwa kifaa cha majaribio, kisha mradi ukafika mwisho, kifaa kikachukuliwa ili kuwekwa kwenye kabati la maonyesho. Tafadhali msifanye hivyo.

SWALI: Mimi ni mpishi wa shughuli. Mkono wangu wa kushoto ulikatwa juu ya kifundo kwa sababu ya maradhi. Nina kulabu, na mume wangu anapenda nipate mkono wenye vidole na ngozi ya bandia ili watu wasinitazame. Mimi ninachotaka ni kukuna nazi. Kulabu haiwezi kabisa kushika kifuu juu ya mbuzi. Je, mkono wa vidole utaweza?
Mpishi, Tanga

JIBU: Dada yangu, mkono wa vidole hautaweza, na huenda ukakuchosha zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, walipoipima mikono ya waya yenye umbo la kiganja pamoja na kulabu, waliona kwamba mikono hiyo hudai nguvu nyingi zaidi za mwili ili kubana kiasi kile kile. Sehemu ya nguvu hupotelea katika viungo vya vidole na katika kuikunja ngozi ya bandia, ambayo pia hushika madoa ya manjano na mafuta kwa namna isiyotoka. Hata hivyo, mume wako hakukosea kukujali. Mkono huo unaweza kuwa wa kwendea harusini ukiwa mgeni, na kulabu ikawa ya kuendea ukiwa mpishi; vyote viwili vinaweza kutengenezwa vikae kwenye kifundo kimoja, ukabadilisha kwa kuzungusha.

Kuhusu nazi, nadhani tatizo haliko kwenye ubora wa kulabu yako. Kifuu ni nusu tufe, na mkunaji hakibani: anakikumbatia kwa viganja, anakisukuma dhidi ya meno ya mbuzi na kukizungusha kidogo kidogo. Vidole viwili vya chuma vimeumbwa kwa kubana, havina namna ya kukumbatia. Kwa hiyo ningejaribu kitu kisichofunguka wala kufunga: bakuli dogo la aluminiamu, lenye kina cha kutosha kumeza karibu nusu ya kifuu kwa nje, lililowekwa ndani yake mpira wa tyubu ili kifuu kisiteleze, na nyuma yake shina lenye skrubu kama ya kulabu yako. Bakuli lingeshika na kusukuma, na mkono wako wa kulia ungezungusha. Ukubwa wa nazi hautofautiani sana, lakini mpira uwe mnene kiasi cha kuzipokea ndogo na kubwa, na uweze kutolewa ili uoshwe, kwa maana tui likibaki chini yake litachacha.

Kazi kama hii wanaiweza mafundi wa viungo bandia. Moshi kipo chuo chao, TATCOT, ndani ya eneo la hospitali ya KCMC, ambacho tangu mwaka 1981 kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Na kwa kuwa unakaa Tanga, safari si ndefu sana. Angalia pia kigutu chako kabla ya kwenda. Kukuna nazi za shughuli ni kusukuma mara maelfu kwa siku moja, na kama soketi, yaani ala ya mkono bandia inayovikwa kwenye kigutu, inagusa kovu au mfupa, bakuli zuri litakuletea kidonda. Soketi irekebishwe kwanza.

Utakapokwenda, chukua mbuzi yako na nazi tatu za ukubwa tofauti, zikiwa zimeshavunjwa. Mwombe fundi akae akutazame ukikuna moja kwa namna unayoifanya sasa, mwanzo hadi mwisho, kabla hajachukua kipimo chochote.